Mkasi na Nyumba Iliyopaa

Tarehe thelathini mwezi huu, mhariri wa filamu tunayemwita Mkasi anastaafu baada ya kuitumikia studio hii miaka thelathini na miwili. Kwa desturi wasifu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Safari hii wenzake wamekubali niandike mimi, mama yake mzazi, kwa kuwa nilikataa kuondoka ofisini mpaka wakubali.

Alianza kwa kubeba mikanda, akapanda hadi kuwa mhariri mkuu wa kitengo cha filamu za vioja, zile ambazo kabati hupiga chafya na watu hawashangai. Akili hiyo kairithi kwangu. Baba yake alikuwa mtu mzuri.

Wengi mnaikumbuka filamu ya nyumba inayopaa. Mwongozaji aliijaza kila alichokiota: nyumba inaruka, viti vinacheza, kuku wamevaa miwani. Ilipoonyeshwa kwa majaribio, waliocheka ni walioitengeneza tu. Mimi nilisinzia, na si kawaida yangu kusinzia mbele za watu. Mwenye studio akasema onyesho la pili nalo likidoda, kitengo kitafungwa na wote waende makwao, Mkasi akiwemo.

Mwongozaji akataka kuongeza mbuzi anayepiga tarumbeta. Mkasi akamwambia, "Kaka, hata ulete tembo. Nyumba hii ikipotea, nani atalia?" Mwongozaji akaenda kunywa chai.

Mwanangu akarudi kwenye vipande vilivyotupwa. Humo akamkuta baba wa kwenye filamu akimfunga binti yake kamba za viatu. Anakosea, anafungua, anaanza upya, na mtoto kamshika kichwa asianguke. Kipande hicho akakiweka mwanzo kabisa, kabla mtoto hajaenda shule. Basi. Kuanzia hapo, kila nyumba iliponyanyuka na baba ndani, mtazamaji alijiuliza mtoto akirudi atamkuta nani. Kuku hakuwagusa.

Siku ya onyesho la pili, kwenye filamu nyumba ilianza kupaa saa ya watoto kutoka shule. Jamaa mmoja wa safu ya mbele, mtu mzima na tai yake, akasimama na kupaza sauti: "Shusheni hiyo nyumba, mtoto anakuja!" Ukumbi mzima ukamuunga mkono. Hata kuku walichekewa, maana moyo ukishapata wa kumhurumia, kicheko nacho huja chenyewe. Mimi nililia kwa staha. Waliokaa karibu nami hawakubaliani na hilo.

Kitengo hakikufungwa. Tangu hapo, hakuna kioja kilichopita mikononi mwake bila kuulizwa ni cha nani na huyo mtu ana nini cha kupoteza. Waandishi walinung'unika, kisha wakapokea tuzo.

Studio inamshukuru. Nami naishukuru studio kwa kumlea, ingawa mlikuwa mkinirudishia akiwa amechoka, hata kusimulia hawezi. Nasikia mnaomba aendelee japo mwaka mmoja. Jamani, hapana. Ninyi mmekaa naye miaka thelathini na miwili. Mimi nimebakiwa na michache.

Mwanangu, sote hapa tunakuombea afya, raha na usingizi wa kutosha. Ukishaagana nao, njoo moja kwa moja.