Dokta Ghati na Mrija wa Hewa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Dokta Ghati Nyangwine, mzaliwa wa Ringwani, daktari wa usingizi wa upasuaji hapa Tarime. Alifariki Jumamosi. Kuna watu wanapumua leo kwa sababu yake, na wengine hata hawamjui.

Dokta Ghati aliwafundisha madaktari wapya kuweka mrija wa hewa kooni kwa mgonjwa asiyeweza kupumua mwenyewe. Sanamu za kufundishia hazikuwepo. Basi akaenda machinjioni kwa Mzee Swaleh, akaomba vichwa vya mbuzi vya kufanyia mazoezi, koromeo likiwa bado limeshikamana na kichwa.

Mzee Swaleh anacheka akikumbuka. "Alinielekeza kisu kipite chini ya koromeo. Nikamwambia, mwanangu, mimi nachinja hivyohivyo tangu ujana wangu." Naye Frida, binti wa marehemu, anasema majirani waliona vile vichwa wakadhani mama anafungua kibanda cha supu. Wakawa wanauliza inaanza lini.

Sasa, wanaume wa Kikurya tunajuana. Kurudi nyuma kwetu ni aibu. Vijana wake wakikwama walikuwa wanasukuma mrija kwa nguvu. Dokta Ghati aliwaambia neno lilelile kila siku: "Huoni njia? Toa. Mpe pumzi kwanza." Nalirudia, wasikilizaji: toa, mpe pumzi kwanza.

Mwaka juzi shimo la dhahabu liliporomoka kule Matongo. Mchimbaji mmoja, Steven, akaletwa hospitali kifua hakipandi. Dokta Ghati alikuwa safarini. Zamu ilikuwa ya Dokta Heche, mwanafunzi wake, bado mgeni kazini. Heche akaingiza mrija. Kifua kimya, tumbo likaanza kuvimba. Mrija ulikuwa umeingia njia ya chakula.

"Nilitaka kuusukuma zaidi," Heche ameniambia. "Ndugu zake walikuwa mlangoni wananitazama. Nikaona wataniona nimeshindwa. Halafu nikakumbuka maneno ya mama Ghati."

Akautoa. Akampa Steven pumzi kwa mfuko wa hewa na barakoa. Akainua kichwa chake kwa blanketi lililokunjwa, akamulika tena kooni, taratibu. Safari hii aliziona nyuzi za sauti, akapitisha mrija katikati yake. Kifua kikapanda.

Jana kule Ringwani, Steven alikuwa wa kwanza kuingia kuchimba kaburi la Dokta Ghati. Akakataa kupokewa koleo, mpaka akawa anahema. Heche akainama ukingoni, akamwambia, "Toka, kaka. Pumua kwanza." Steven akatoka. Wakasimama pale wawili wanalia, na hakuna mwanaume aliyewacheka.

Frida, na ukoo wote wa Ringwani, poleni sana. Asanteni kwa kutuazima mama yenu. Nasi tuliobaki, kila mmoja ajiulize ni jambo gani analolisukuma kwa nguvu bila kuiona njia. Dokta Ghati, tunakushukuru. Pumzika, mama.