Spika, Aliyeipeleka Parokia Barabarani

Habari za asubuhi, wasikilizaji wapendwa. Karibuni kwenye kumbukumbu. Mwenye chai aendelee kunywa, mwenye kufua aendelee kufua, mimi naomba masikio tu.

Leo tunamkumbuka Spika. Wengi wenu mlimjua kwa sauti kabla hamjamwona kwa sura. Spika, mwenye gari la matangazo. Spika, muumini wa parokia yetu. Ametutoka Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, mkewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda. Tulimzika Ijumaa.

Jina la ubatizo alikuwa nalo, bila shaka. Lakini ungemuulizia kwa jina hilo, hata jirani wa ukuta mmoja angekwambia mtu huyo hayupo. Ungesema Spika, ungepelekwa mpaka mlangoni.

Ujana wake alianzia sokoni, kwenye duka la sufuria. Kazi yake ilikuwa moja: kuita wateja. Akawaita kweli. Walikuja wa sufuria, wakaja na waliokuwa wanakwenda kununua viatu upande wa pili wa soko. Baadaye akapata pikapu kuukuu, ya kijani, mlango wa abiria umefungwa kwa kamba. Akaifungia spika kubwa juu, nyingine zikitazama mbele, nyingine nyuma. Kazi ikaanza. Duka jipya, Spika. Saluni imehama, Spika. Mtoto amepotea sokoni, Spika, na huyo mtoto anapatikana kabla mama hajamaliza kulia.

Hata hapa studio alikuja, kurekodi tangazo la saluni. Fundi mitambo wetu akamwambia, "Mzee, sogea nyuma kidogo, unaniumiza masikio." Akasogea. "Kidogo tena." Akasogea. Mwishowe Spika alikuwa koridoni, mlango umefunguliwa, anarekodi kutoka huko. Na tangazo lilitoka safi kabisa.

Mkewe ni fundi cherehani. Nilimuuliza walikutanaje. Akacheka, akajifuta machozi, akacheka tena.

"Nilimpa kazi ya kutangaza magauni yangu," alisema. "Basi akazunguka mji mzima anasema, njooni kwa fundi mwenye macho mazuri, fundi anayecheka vizuri. Gauni hata moja hakulitaja! Wakaja watu dukani kunitazama mimi. Nikamwita, nikamwambia, wewe, unatangaza nini? Akanijibu, natangaza ninachokiona."

Wakaoana, wakapata binti mmoja. Binti huyo sasa ni mwalimu wa chekechea, na sauti amerithi. Watoto wake darasani hawasinzii.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, niwaambie na la pili. Spika na Paroko wetu walikuwa hawasalimiani. Mnashangaa? Ndivyo ilivyokuwa.

Paroko wetu mnamjua. Sauti yake ni ndogo, hata kwenye kipaza sauti. Waliokaa katikati ya kanisa wanasikia nusu ya mahubiri, waliokaa nyuma wanabahatisha. Jumapili moja akiwa anahubiri, gari la Spika likapita nje likitangaza magodoro. Mahubiri yakazama. Paroko akashuka altareni, akatoka mpaka barabarani na mavazi yake ya Misa.

"Mwanangu, hapa tunasali."

"Na mimi natafuta riziki, Baba."

"Katafutie mbali."

Yakaishia hapo. Ila Spika aliliweka moyoni. Misa hakuacha. Aliingia kila Jumapili, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na Misa ikiisha anatoka kwa mlango wa pembeni asikutane na mkono wa Paroko.

"Nilikuwa namwambia, wewe mtu mzima unamnunia padri?" anasema mkewe. "Ananijibu, yeye ndiye aliyeanza."

Ikaja korona. Mnakumbuka. Kanisa likafungwa, kufuli likaning'inia mlangoni. Kwaya ikanyamaza. Jumuiya zikaacha kukutana majumbani. Wenye simu kubwa walitazama Misa kwenye simu. Lakini wazee wetu wengi hawana simu za namna hiyo. Walikaa ndani, madirisha yamefungwa, wanasubiri mtu ambaye haruhusiwi kuja.

Jumamosi moja, geti la Spika likagongwa.

"Nani?" Spika akauliza.

Likagongwa tena.

"Nani huyo? Sema nikusikie!"

"Paroko," sauti ikajibu kutoka nyuma ya barakoa.

"Nani?"

"Paroko!"

Spika akafungua geti.

"Nimekuja kuomba kelele zako," Paroko akasema.

"Baba, si ulizifukuza?"

"Nilizifukuza. Na nilisema vibaya, mbele ya watu. Nisamehe. Wazee wangu wamejifungia, hawasikii neno wala wimbo. Mimi hata nikisimama mlangoni kwao, hawanisikii."

Spika akatazama chini. Kisha akageuka, akaita ndani, na mtaa mzima ukamsikia: "Mama! Leta chai, tuna mgeni!"

"Haturuhusiwi kuingia ndani kwa watu," Paroko akamkumbusha.

"Basi tutainywea hapa hapa."

Wakanywa chai getini, mmoja amekalia ndoo iliyogeuzwa upande huu, mwingine amekalia tairi upande ule, katikati nafasi ya kupita ng'ombe. Walipomaliza, mpango ulikuwa tayari.

Jumapili ya Matawi, gari la matangazo likatoka. Nyuma ya pikapu kilifungwa kiti cha jikoni, na mbele ya kiti meza ndogo yenye kitambaa cheupe alichokishona mke wa Spika. Paroko akapanda, amebeba Ekaristi Takatifu kuwabariki watu. Spika akaendesha mwendo wa kobe. Watu wakatoka milangoni. Wengine walipiga magoti pale pale kwenye ngazi, taulo mabegani, masufuria yakiungua nyuma yao.

Walipofika kona ya kwanza, Paroko akanyanyua mikono kutoa baraka. Spika akataka kuongeza sauti. Akabonyeza kitufe kisicho chenyewe.

"Njoo ulale kama mfalme! Godoro nene, mgongo hauumi! Usikubali kulala chini!"

Wasikilizaji wapendwa, mtaa uliganda. Mikono ya Paroko iko juu. Spika anabonyeza huku na huku, jasho linamtoka, tangazo linaendelea. Mwisho likakatika. Ndipo mzee mmoja akajibu kutoka barazani, kwa sauti ya ibada kabisa: "Amina!"

Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Walikuwa hawajacheka muda mrefu. Paroko mwenyewe aliniambia wiki hii: "Nilijaribu kujizuia, mabega yakanisaliti. Halafu nikawabariki. Nadhani ndiyo baraka niliyoitoa vizuri kuliko zote."

Habari zikaenea. Safari iliyofuata, watu wakaanza kulifuata gari, na watoto mbele. Afisa afya akalisimamisha. Akasema wazi: watu wakikusanyika tena, gari litalala kituoni. Alikuwa na haki. Ugonjwa ulikuwa mkali.

Spika akashika kipaza sauti. "Ndugu zangu, sheria ni hii. Kila mtu kwenye kizingiti chake. Akivuka mtu, nazima. Hata Baba akiwa katikati ya neno, nazima!"

Walidhani anatania. Kulikuwa na bibi mmoja, mwimbaji wa kwaya tangu usichana, tunamwita Bibi Soprano. Gari lilipopita na wimbo wa Pasaka, Bibi akashindwa. Akashuka kizingiti, akaingia barabarani kwa madaha, mikono juu. Spika akazima. Tap!

"Bibi, rudi!"

"Nimetoa mguu mmoja tu!"

"Hata mguu mmoja unaambukizwa!"

"Bibi, rudi ndani tuimbe!" mtaa mzima ukamlilia. Bibi akarudi, akinung'unika. Wimbo ukawashwa. Na tangu siku hiyo hakuna aliyevuka.

Sasa nafika mahali ambapo hata mimi huwa napunguza mwendo.

Mume wa Bibi Soprano, fundi viatu, aliugua. Akapelekwa hospitali, hakurudi. Bibi naye alipimwa akakutwa na ugonjwa, akaamriwa akae ndani, asitoke kabisa. Watoto wao wako mbali na njia zilikuwa zimefungwa. Mwanamke aliyeishi na mumewe tangu wote wawili wakiwa bado na meno yote, na kaburini haruhusiwi kwenda.

Spika alikwenda kwa Paroko. Hatujui walizungumza nini. Tunachojua ni kilichotokea. Paroko alikwenda makaburini na watu wachache walioruhusiwa, simu yake iko hewani na ya Spika, kwenye mfuko wa shati. Spika aliegesha pikapu mbele ya mlango wa Bibi, akaiunganisha simu yake na spika za gari. Sala za mazishi zikafika mlangoni kwa Bibi, pamoja na upepo wa makaburini na mlio wa koleo.

Bibi alikuwa ameketi dirishani, kitenge kichwani. Akaita, "Spika!"

"Naam, Bibi."

"Ongeza sauti. Mzee wangu masikio yake ni mazito."

Spika aliongeza sauti mpaka mwisho, kisha akatazama upande mwingine.

Bibi akaanza kuimba. Sauti nyembamba, inatetemeka, kifua kimebanwa na ugonjwa. Jirani wa kushoto akaidaka. Na wa kulia. Wakaimba kutoka milangoni, kutoka barazani, kila mtu kwenye kizingiti chake, besi, teno, na waliokuwa hawajui sauti gani ni yao. Spika akatoa mkono dirishani mwa gari, ameishika simu, ameielekeza mtaani.

Paroko anasema kule makaburini walisikia kitu kinavuma mfukoni mwake. "Nikaitoa simu," alisema. "Nikaipokea ile kwaya mkononi. Nikainyoosha juu ya kaburi, nikaishika hapo mpaka wimbo ukaisha. Mkono uliniuma. Sikuushusha."

Kwa hiyo mzee alisindikizwa na mkewe. Naomba nirudie. Mzee alisindikizwa na mkewe.

Bibi Soprano alipona. Yuko hai, anaimba, na anawasalimu.

Kanisa lilipofunguliwa, Spika alipewa kazi ya kusoma masomo. Paroko alimwomba jambo moja: azime kipaza sauti kwanza. Barua za Mtume Paulo zilisikika mpaka kwa kinyozi ng'ambo ya barabara. Na kila Jumamosi, Paroko na Spika walicheza drafti. Ndiyo, hao hao. Spika alidai mpaka kufa kwamba Paroko anaiba kete. Nilipomuuliza Paroko, akasema hilo ni jambo la kitubio, hawezi kulizungumzia redioni.

Mwaka huu moyo wa Spika ulichoka. Madaktari walimwambia asiseme sana. Binti yake anasimulia siku ya mwisho:

"Baba aliomba tumfungulie dirisha asikie wachuuzi wakipita. Akapita wa nyanya. Baba akaninong'oneza, huyu hana pumzi, mwambie aivutie tumboni. Nikatoka kweli, nikamkimbilia yule kijana, nikamwambia. Niliporudi, baba alikuwa anatabasamu. Akaniambia, umeona? Sasa anauza."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Spika ametutoka Jumanne, amezikwa Ijumaa, Misa imesomwa na rafiki yake Paroko.

Wasikilizaji wapendwa, tujiulize kitu kimoja tunapoendelea na siku. Katika mtaa wako, ni mlango gani ambao sauti haijafika siku nyingi? Hakuna amri inayotuzuia sasa. Tunaweza kuvuka kizingiti. Ugonjwa ule ulipita, lakini wako watu ambao bado wamekaa ndani. Kapige hodi.

Kwa mkewe, kwa binti yake, kwa wajukuu, kwa jumuiya yake na kwa wasomaji wenzake wa masomo: poleni sana. Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie.

Na Mama, najua unatusikiliza. Binti yako ametuambia umeketi kwenye cherehani na hujashona chochote tangu Ijumaa. Usiharakishe. Ila weka maji ya chai jikoni, mengi. Kwaya nzima inakuja kwako mchana huu, Bibi Soprano akiwa mbele, na wameniapia kwamba hawaji kimyakimya.