Gashe Wondafrash Abaki Hadi Kikombe cha Pili

Wasifu huu nimeuandika kwa kuagizwa na Idara ya Maonyesho, ili wageni wa hafla wajue ni mtu wa namna gani tunayemuaga. Ato Wondafrash Demissie, ambaye sote tunamwita Gashe kwa heshima ya umri wake, anastaafu tarehe 30 ya mwezi wetu wa Sene, baada ya kuyatumikia makumbusho yetu hapa Addis Ababa kwa miaka thelathini na minne.

Alianza kama fundi wa kuunda nakala za mafuvu kwa plasta. Enzi hizo walikuwako wataalamu walioshikilia kwamba kila bara lilijikuzia binadamu wake wa leo kutokana na wahenga wake lenyewe. Ato Wondafrash hakukubali. Aliwapangia mezani mafuvu ya kale ya bonde la Omo, hapa hapa Ethiopia, akawauliza ni bara gani jingine lenye sura kama hizo kwa umri huo. Alipokuwa mkuu wa idara, alitunga mwenyewe maneno ya bango la shaba lililo mlangoni mwa ukumbi: “Binadamu wote walianzia hapa.” Watoto wa shule hawaondoki bila kupiga picha chini yake.

Ndiye pia aliyetuwekea sheria ya kahawa. Panapozuka ubishi wa kitaalamu, katika kikombe cha kwanza, abol, kila mtu hutetea hoja yake. Katika cha pili, tona, hutetea hoja ya mpinzani wake. Katika cha tatu, baraka, watu hutafuna bisi tu. Sheria hiyo imewapatanisha maprofesa waliokuwa hawaamkiani.

Ilimshinda mtu mmoja: aliyeitunga. Ulipothibitishwa umri wa mabaki ya binadamu ya Moroko, kwamba unapita wa yale ya kwetu, naibu wake, Weyzero (yaani Bibi) Yeshimebet, alianza kudai kwamba binadamu hawakuchipuka mahali pamoja, bali katika jamii nyingi za Afrika zilizotengana na kuchanganyika tena na tena. Wakati wa abol, Gashe alimpinga vikali. Kabla tona haijamiminwa, kila mara alikumbuka shughuli nyingine, akaondoka.

“Gashe, leo nini tena? Fuvu linaungua jikoni?” Weyzero Yeshimebet alimtania.

“Yeshi, ningoje nistaafu, kisha uling'oe bango langu kwa raha zako,” alijibu akivaa koti.

Utani huo ulikuwa na uchungu ndani yake, maana ni Weyzero Yeshimebet anayerithi kiti chake.

Juma lililopita abol iliisha, na koti likabaki kitini. Gashe alisogeza kikombe chake mbele. “Haya,” alisema, “niwatetee hao Wamoroko.” Akawatetea hadi makaa yakafifia. Kwa sheria ileile, Weyzero Yeshimebet akalazimika kulitetea bango. Alilitetea vizuri.

Siku ya hafla Gashe atalishusha bango hilo kwa bisibisi yake mwenyewe. Weyzero Yeshimebet ameomba lisipelekwe ghalani, litundikwe kwenye chumba cha kahawa.

Gashe, tunakushukuru kwa yote, na tunakuombea siku njema huko Debre Birhan unakohamia, na mizinga ya nyuki isiyokauka asali. Wengine tunaombwa tusiondoke kabla ya tona. Tukutane mlangoni mwa ukumbi, Ijumaa, saa tisa alasiri.