Ndizi za Njiani Matema

Kwenye Kosta ya kutoka Kyela, kijana wa Iringa mwenye matope hadi magotini alimlalamikia mama aliyeketi naye, kando yangu. "Nimetembea ufukweni Matema kutwa nzima, juu ya mawe, na maporomoko ya maji sikuyafikia. Kila nyumba nakaribishwa ndizi!"

"Ulisalimia?"

"Nilisalimia, ndiyo."

"Sasa ulitaka wakuache upite na njaa?"

"Mama, mchumba wangu anasubiri picha ya maporomoko. Mimi nina picha za sahani! Nikirudi Matema, simsalimii mtu."

Tumbo lake, nilivyoliona, halikuwa na malalamiko.

"Upite kwa watu kimya kama mwizi?" mama alifoka.

Walibishana mpaka Uyole, kijana alipotakiwa kubadili gari. Gari liliposimama, basi la Iringa likipiga honi ng'ambo, mama alikuwa ameshabeba begi la kijana. "Kwangu ni hapo tu. Binti yangu ameshapika ndizi."