Probox Alimolala Mkwe

Kijiwe chetu cha Manyatta ni benchi moja refu la mbao lililoegemea ukuta wa plot yetu, kando ya jiko la Adero anayeuza kahawa ya tangawizi. Mbele ya benchi hilo ndipo mgeni yeyote huegesha gari, kwa sababu lango letu linapitisha mkokoteni kwa shida, sembuse gari. Jumapili hiyo iliegeshwa hapo Probox nyeupe ya Gordon, mume wa dada yangu Caren. Weupe wake ungeuamini kwa kuambiwa tu: yeye na Caren walikuwa wametoka Usenge jioni iliyotangulia kwenye mvua, na matope yalikuwa yamepanda hadi kwenye vioo. Saa tano gari hilo lilitakiwa kumpeleka mama yangu, Dorca, kanisani Ahero, akasimikwe mwenyekiti wa akina mama, cheo alichokitafuta tangu nikiwa shule ya msingi. Mpira wa maji hatuna. Bomba liko plot ya tatu. Na siku hizi ukipeleka gari ufuoni ukalioshe ziwani, unafukuzwa. Nilikuwa na ndoo mbili, fulana kuukuu mbili, sabuni ya unga, na hasira. Wanaume wawili wa benchi walikuwa na kahawa.

Mmoja ni Mzee Opondo, ambaye aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi na tangu hapo anahukumu mtaa mzima, tunamwita Jaji. Wa pili ni Walter, fundi wa redio, jina lake Google, kwa kuwa hujibu hata kabla hujauliza.

— Winny, unaanzia magurudumu? akasema Google. Magurudumu ni mwisho. Gari inaoshwa kama mtoto, kichwa kwanza.

— Basi njoo uoshe hicho kichwa. Fulana ya pili ndiyo hiyo.

— Mimi natoa maarifa.

— Maarifa hayatoi matope.

— Na hayo uliyosomea kampasi yametoa?

Adero akacheka, akamwongezea kahawa. Nikahamia kwenye paa, maana alikuwa amesema kweli na hilo lilinikera zaidi. Kuosha gari kwa ndoo kunataka subira. Unalaza kitambaa chenye maji juu ya tope mpaka lilegee. Ukisugua likiwa kavu, unachora rangi. Unaosha kipande, unasuuza kwa kikombe, unahamia kingine. Mikono miwili haitoshi. Maji ya sabuni yakaanza kuteremka kuelekea kwenye benchi, na wale wawili wakainua miguu kwa pamoja, bila kukatiza mazungumzo.

Hapo mama akatoka na beseni, leso imefungwa juu ya gauni lake jeupe la kanisani.

— Nimekuja kukusaidia, tutachelewa.

— Mama Caren! Simama hapo hapo! Jaji alipaza sauti.

Mama akasimama, akaangalia chini akidhani kuna nyoka.

— Usiku Gordon alilala wapi?

— Si ni hapo ndani ya gari? Mimi ni mama mkwe wake, hawezi kulala kwangu. Wewe mwenyewe unajua, Mzee.

— Mmesikia? Jaji aligeukia benchi kana kwamba limejaa watu. Amekunja viti, ametandika godoro. Mahali mkwe amelala ni simba yake. Na mama mkwe hagusi simba ya mkwe!

Simba kwetu si mnyama peke yake. Ndivyo tunavyoita pia kibanda cha kijana wa kiume bomani. Lakini sijawahi kusikia chenye gia tano.

— Hoja ya nidhamu! nikasema, fulana ikidondosha maji. Simba ina mlango na paa la nyasi. Hii ina leseni ya barabara!

— Hii ina milango mitano, Jaji akajibu. Unaongezea upande wangu.

— Na yeye Gordon kwa nini asioshe?

— Mkwe apewe ndoo kwa wakwe zake? Yawa! Ameenda kwa Google kuoga, mwache apumzike.

— Basi nyinyi osheni! Nyinyi si mama mkwe wa mtu.

— Simba ya mwanamume mwingine? Google akashtuka. Tukikutwa tunaingia humo?

— Nani amewaambia muingie? Huku nje!

— Nje ndiyo mbaya zaidi, nyathina, mwanangu. Fikiria. Taa za mbele ni macho ya mkwe. Mama Caren akizisugua, wanaangaliana uso kwa uso.

— Magurudumu nayo ni miguu, akadakia Jaji.

— Na buti, huku nyuma? Adero akauliza kwa upole mwingi.

— Buti tuiache, kuna mama mzazi hapa.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mama hakucheka. Alikuwa ameweka beseni chini na kurudi nyuma hatua moja, na uso wake haukuwa wa mchezo. Mimi naweza kubishana na mila. Yeye anaishi nayo. Nikaamua kummaliza Jaji kwa hoja moja, ile ya kufunga mjadala.

— Haya, Mzee. Kama hii ni simba ya Gordon, mama atapandaje akienda Ahero? Mama mkwe anaketi ndani ya simba?

Jaji akaweka kikombe chini. Google akanywa kahawa badala ya kujibu, jambo ambalo mtaa huu haujalizoea. Nilijua nimeshinda.

— Kumbe hata kupanda siwezi, mama akasema polepole.

— Hapana, mama, nilimaanisha...

— Umesema vizuri, mwanangu. Nitaitisha bodaboda.

Bodaboda mpaka Ahero, na gauni jeupe, barabara ikiwa vile ilivyokuwa! Akina mama wote wangekuwa wamepanga foleni langoni mwa kanisa, wa mbele kabisa akiwa Jacinta, aliyeshindwa kwenye kile cheo kwa kura chache na bado hajasahau. Nilimtazama Jaji kwa macho ya kumwomba abatilishe hukumu. Naye alionekana kutamani hivyo, ila hakujua njia.

— Aki Winny, Adero akanong'ona, si ungeshindwa tu leo.

Ndipo akafika Zacchaeus, muuza vipuri wa soko la Kibuye, mtu wa kutoka Murang'a, aliyehamia plot ya jirani juzi juzi. Akaagiza kahawa, akainua miguu kukwepa sabuni, akasikiliza kesi yote tangu mwanzo.

— Poleni, mimi ni mgeni kwa hizi mambo, akasema. Hii gari ni nani alinunua?

— Ni ya Gordon, tukajibu kwa sauti moja.

— Hiyo nimesikia. Nauliza alinunua nani.

Jaji akamtazama Google. Google akaangalia ndani ya kikombe. Caren ni nesi, analipwa kila mwezi. Gordon anauza omena, analipwa samaki wakipenda.

— Kama ni Caren alinunua, Jaji akakuna kidevu, basi mama hapo yuko kwa binti yake, si kwa mkwe. Korti itabidi isome upya.

Caren mwenyewe alitokea saluni, kichwa kimesukwa nusu, kuja kuona kama gari liko tayari. Na kutoka kwa Google akaja Gordon, ameoga, anang'aa, taulo begani. Zacchaeus, kwa adabu zote, akawauliza swali lile lile.

— Aa, hiyo... akaanza Caren.

— Unajua hiyo gari, sisi... akaanza Gordon.

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakainama kukagua gurudumu moja, lile lile, kana kwamba limeita majina yao.

Mama aliwangoja. Aliwangoja sana kwa mtu anayechelewa kusimikwa. Halafu akapiga hatua mbele, akaokota beseni lake, akakunja mikono ya gauni.

— Mkinirudisha kutoka Ahero mtakuwa mmekumbuka nani alinunua, akasema.

Akaloweka kitambaa, akakilaza juu ya mlango wa dereva. Gordon alisimama upande wa pili wa gari, karibu kiasi cha kusikia hata pumzi. Lakini mama mkwe hamwamrishi mkwe wake ana kwa ana, kwa hiyo mama akanigeukia mimi.

— Winny, mwambie shemeji yako ashike upande ule.

Sikumwambia. Alikuwa ameshakunja suruali.