Asta ya Chini ya Dirisha

Sogezeni viti, wanangu, na wewe mwanangu dereva urudishie mlango wa jikoni, maana mama yenu mdogo yuko huko anaosha vikombe vyangu, na masikio yake hayajawahi kulala tangu tukiwa watoto. Pumzi niliyo nayo ni ya kusema mara moja tu. Msinikatize.

Nyumba ni yenu wawili. Wewe binti yangu, weka cherehani yako chumba cha mbele ili wateja waingie bila kupita jikoni. Wewe dereva, chukua cha nyuma, kwa kuwa unarudi saa ambazo hata mbwa wamechoka kubweka, na msije mkagombania bafu. Kitalu cha maua kiuzeni kama hamkiwezi. Zile asta nyeupe fupi za ukingoni na zile ndefu za buluu zinazotaka kuegemezwa vijiti hazitakosa mnunuzi, na zile za mwaka mmoja, za kuotesha kwa mbegu, zikifa mtu hupanda nyingine. Sina wasiwasi nazo. Kinachonizuia kufumba macho ni kile kichaka cha chini ya dirisha hili.

Mnakijua. Kilijiotea chenyewe katikati ya zile za buluu, nikamkataza baba yenu asiking'oe, na baridi ilipoingia, maua mengine yakiwa yamekwisha, kikafungua maua ya rangi ya zambarau iliyokolea kama wino, ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Hamjui, wanangu, raha ya kuwa na kitu ambacho mdogo wako hana.

Maana yule ana kila kitu. Akichomeka kijiti, kinaota. Wapita njia husimama kwenye uzio wake kusifu. Kwangu husimama kuuliza njia ya kwenda kwake. Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa anakula nilichopika mimi huku anasema, "Shemeji ana mkono wa maua." Nanyi mkitoka shule mlianzia kwake, mkaniletea maua yake niyatie maji. Niliyatia, nikayaweka nyuma ya pazia.

Mwaka mmoja alichuma mbegu za kichaka changu, akaotesha. Asta ya namna hii hairithi rangi kwa mbegu. Yakamtokea maua ya rangi ya maji ya kufulia. Alisimama pale mlangoni akicheka: "Dada, ua lako limenikataa." Nikamjibu, "Lina akili kuliko shemeji yako."

Ukilitaka lenyewe hasa, sharti ung'oe kichaka, ukigawe, upande machipukizi ya pembeni. Mimi sikukigawa, kwa sababu ukigawa unabaki na vipande mkononi, na mwenye vipande huombwa. Asta isiyogawanywa hufa kuanzia katikati. Chungulieni hapo nje: katikati pamebaki vijiti vikavu, ubwiriunga, ule ukungu mweupe, umeyapaka majani kama yametoka mashine ya kusaga, uhai uko ukingoni tu.

Jana alikaa hapa kitandani ananipangusa uso, akasema, "Dada, nipe kipande, kisije kikapotea." Nikamwambia atapewa kile cha katikati kabisa. Wewe binti yangu uliona ni heshima, ukatabasamu. Yeye hakutabasamu. Alinitazama, akakamua kitambaa, akaendelea kunipangusa.

Tangu hapo nawaza nani atakigawa. Wewe dereva uliwahi kupalilia ukang'oa asta ukaacha magugu. Wewe binti unamwagilia majani badala ya udongo. Nikiwaachia nyinyi, baridi ijayo dirisha hili litatazama udongo mtupu. Nikimpa yeye, kitachanua, na watu watasimama kwenye uzio wake waseme ana mkono. Ua langu, sifa zake. Hilo linaniuma kuliko huu mgongo.

Nipeni maji. Basi, inatosha.

Fanyeni hivi. Nikishazikwa, siyo kabla, sitaki kumwona akichimba, mwiteni akigawe. Cha katikati kitupeni. Chipukizi moja alipande hapa hapa, chini ya dirisha, na awafundishe kulitunza. Mengine aende nayo, ila ayapande nyuma ya nyumba. Upande wa barabara asipande. Mwambieni akate vilele mapema ili mashina yasianguke... aa, msimwambie. Anajua. Yule anajua kila kitu.

Pendaneni. Msipimane, nyinyi wawili, kama tulivyopimana sisi. Mungu aibariki mikono yenu... mkigusacho kiote.

Niinueni kidogo, nione nje. Nani kafungua mlango? Ni yeye? Mwache aingie... Vikombe avipange kama nilivyovipanga mimi.

Upande wa barabara... haya, apande. Chipukizi moja. Moja tu.

Na wakisimama kuuliza... aseme ni la dada yake.