Sura Kumi na Mbili Zenye Muhuri wa Marehemu

Milioni sita na laki nne ni kiinua mgongo cha marehemu, si rambirambi, na ile bahasha ya laki tatu aliyokuja nayo bwana mhasibu wa chuo asubuhi hii, pamoja na karatasi ya kumtaka mjane atie sahihi kwamba hadai tena, imerudishwa mkononi mwake mbele ya shangazi. Alipoomba kwa sauti ya chini kwamba basi angalau habari za maktaba zisisomwe, kwa heshima ya msiba, mdogo wake marehemu, fundi wa mashine za kutolea nakala, aliyeishia darasa la saba na ndiye anayewasomea haya, alimjibu, "Bwana mkubwa, umekuja kuzika au kufukia?" Kwa hiyo, ndugu waombolezaji, yatasomwa yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya kupanga nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa baba mpaka rangi na mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi mwaka 1973 hadi 1979, na sekondari 1980 hadi 1983, na kwa kuwa karo ilitosha mtoto mmoja tu, yeye aliendelea na mdogo wake akabaki na bisibisi, deni ambalo marehemu alililipa kwa kumletea vitabu vya umeme kila Jumamosi na kumsomesha juu ya ndoo iliyopinduliwa, mpaka akaweza kufungua mashine yoyote na kuirudisha bila skrubu kubaki mezani.

Alipata cheti cha ukutubi mwaka 1987, akaajiriwa na maktaba ya chuo tarehe 4 Januari 1988, na tarehe 9 Desemba 1995 akafunga ndoa na mwalimu wa chekechea, wakajaliwa watoto watatu, wa mwisho akiwa mwaka wa pili katika chuo hicho hicho, na barua ya kumfukuza kwa kukosa karo anayo.

Tangu mwaka 2009 alikaa kwenye meza ya vitabu vya kozi, vile visivyotoka nje kwa kuwa darasa zima linavigombea. Sheria ya hakimiliki aliieleza hata kwa kinyozi wake, kwamba kitabu kina mwenyewe, ila mwanafunzi anaruhusiwa kutoa nakala ya sehemu ndogo kwa masomo yake, na mpaka wa maktaba yao ulikuwa sura moja kwa mtu mmoja, basi kila nakala aliigonga muhuri wenye jina lake na tarehe, wanafunzi wakamwita Mzee Muhuri.

Februari 2022 kozi moja ilikuwa na wanafunzi mia na arobaini na kitabu kimoja. Marehemu aliandika barua tatu, akiomba chuo kinunue vingine au kimlipe mchapishaji apate ruhusa, na hakujibiwa hata moja. Mwalimu wa kozi akawaambia vijana, "Kila mtu na sura yake, mkutane dukani," na wanafunzi kumi na wawili wakaja siku tofauti, kila mmoja akapewa sura moja kihalali, kisha duka la kutolea nakala lililo getini likazishona pamoja na kuuza kitabu kizima. Wiki hiyo hiyo mdogo wake marehemu aliitwa kutengeneza mashine ya duka hilo, akaona muhuri wa kaka yake ukipita karatasi baada ya karatasi, akacheka, akasema, "Kumbe kaka anajulikana mpaka huku," akapokea ujira wake akaondoka. Hilo nalo lisomwe.

Mchapishaji alidai fidia, chuo kikalipa, kisha kikaita kikao tarehe 18 Aprili 2022 na kumuuliza marehemu muhuri ni wa nani, akasema, "Wangu." Mdogo wake alipomlaumu kwamba angesema uliibwa, alijibu, "Wewe fundi, skrubu uliyoikaza unaikana?" Alifukuzwa tarehe 30 Juni, kiinua mgongo chote kikazuiwa ili kurudisha fidia ile, na mwalimu wa kozi akapandishwa cheo.

Bima ilikatwa, dawa za presha akawa anameza leo na kuruka kesho, akapata kiharusi tarehe 22 Januari 2024, na tukauza mashine mbili za mdogo wake, cherehani ya mama na kitanda, tusifike popote, mpaka alipofariki wodini tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kutuuliza risiti, majirani waliotulisha, na wakutubi wenzake, waliokuja ingawa walikatazwa.

Pumzika, kaka, hukuiba hata ukurasa.

Nanyi wa chuo, dawa ya deni ni kulipa. Mlipeni mjane, zote, Jumatatu.